Mjadala: Je, mkutano wa kimataifa wa madaktari uendelee Nairobi baada ya mafuriko?

Mtoa hoja, South B

Naliweka swali hili mezani kabla masika mengine hayajatukuta, kwa sababu likisubiri hadi maji yatufike magotini, jibu litatolewa na yule aliyekwisha kulipia ukumbi. Mwaka 2024 mafuriko yaliwatoa watu makwao katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru hapa Nairobi, na tarehe 29 Aprili maji yakasomba nyumba na watu usiku kule Mai Mahiu, nje ya Nairobi. Siku kumi baadaye, tarehe 9 na 10 Mei, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa asasi za kiraia katika ofisi zake za Gigiri, Nairobi, kama ulivyopangwa. Siku ya pili ya mkutano huo ndiyo iliyokuwa mapumziko ya taifa ya kupanda miti na kuwakumbuka waliofariki. Sisemi kwamba lilikuwa kosa. Ila mkutano wa madaktari haupimwi kwa kipimo hicho, kwani hukusanya ukumbini watu walewale ambao mji unawahitaji wodini. Uendelee, lakini asiondolewe zamu daktari wala muuguzi wa kaunti.

Mpangaji wa mikutano, Westlands

Ndugu mtoa hoja, nakubali sharti lako, ila nachelea kwamba wengi wataling'ang'ania neno "kuahirisha" kana kwamba halina gharama. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans Agosti 2005, Shirika la Moyo la Marekani, lililokuwa likutane huko Novemba, lilihamia Dallas, na halikuwa na budi: hata jumba la mikutano la mji huo lilikuwa limegeuka kimbilio la maelfu ya watu wasio na chakula wala maji. Juni 2006 wakutubi wa Marekani walikwenda kukutana huko kwa maelfu, na wenyeji wakawapokea kwa shukrani. Nairobi ya 2024 haikufikia hali hiyo; wiki ile ile ya mkutano wa Gigiri, jumba la mikutano la KICC katikati ya mji lilipokea mkutano wa Afrika kuhusu mbolea na afya ya udongo. Anayeosha vyombo katika hoteli za huku mara nyingi hulala Mukuru au Kangemi. Ukiuahirisha mkutano, umemnyima kibarua mtu aliyepoteza godoro juzi.

Muuguzi, Mathare

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba janga huisha maji yanapopungua. Siku za kwanza ni za majeraha na waliozama. Kipindupindu huweza kujitokeza saa chache hadi siku tano baada ya mtu kunywa maji machafu, kisha kikaendelea kwa majuma. Linalotuelemea zaidi halina picha ya kuvutia gazetini: mgonjwa wa kisukari, wa kifua kikuu, au anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, anafika akiwa amepoteza dawa na kadi ya kliniki pamoja, na inatubidi kuanza upya kumuuliza alikuwa akimeza nini. Kwa hiyo mkutano unaofanyika majuma matatu baada ya mafuriko unatukuta palipo pazito, ingawa barabara zimekauka. Na sharti la zamu, mtoa hoja, lina doa: mwaka ule madaktari walikuwa katika mgomo wa siku 56 uliomalizika tarehe 8 Mei. Ungemzuia nani asitoke wodini?

Najua atatokea mtu wa kunikumbusha Christchurch, New Zealand, ambako tetemeko la Februari 2011 liliwakuta madaktari wa njia ya mkojo wakiwa mkutanoni, nao wakatoka kwenda kusaidia, hata kumkata miguu mtu aliyenaswa chini ya kifusi ili atolewe hai. Ni kweli, na nawavulia kofia. Lakini wao walikuwa pale saa ileile ya tetemeko, na walizungumza lugha moja na majeruhi. Mgeni anayetua baada ya majuma matatu anahitaji leseni ya muda kabla ya kumgusa mgonjwa hapa, na mkalimani juu yake.

Mtoa hoja, South B

Dada muuguzi, umenirudisha nyuma, na nalirekebisha sharti langu. Tarehe ya mkutano isibaki mikononi mwa waandaaji peke yao. Idara ya afya ya kaunti iwe na haki ya kuusogeza mbele endapo zahanati bado zimeelemewa, na isogezwe kwa miezi michache, isifutwe, ili kibarua cha hotelini kisipotee kabisa. Naomba mpangaji wa Westlands atueleze: je, mkataba wa ukumbi unaweza kubeba kifungu kama hicho bila mwenye ukumbi kudai fidia?