Mnamuua vunjajungu kwa kosa gani hasa?

Wakuu, nimekasirika. Leo nimemkuta mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anamponda vunjajungu kwa kiatu mbele ya watoto. Namuuliza kakukosea nini, ananijibu: "Huyu mkosi, ukimgusa unavunja vyombo."

Jamani! Jina ni vunja na jungu, yaani chungu kikubwa. Wazee waliamini kwamba ukimshika mdudu huyu, chombo utakachobeba baada ya hapo kitakuponyoka. Ni imani ya kale, na jina lenyewe nalipenda, libaki hivyohivyo. Lakini si hukumu ya kifo! Mbona ile karamu ya kuukaribisha mwezi wa Ramadhani nayo inaitwa vunjajungu na watu wanaifurahia?

Wagiriki walimwita mantis, yaani mtabiri. Linnaeus naye, yule mwanasayansi wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, mwaka 1758 akampa jina ambalo leo huandikwa Mantis religiosa, mcha Mungu, kwa sababu mikono ya mbele ameikunja kama anayeomba dua. Wenzetu waliona utabiri na ibada, sisi tumeona mkosi, na anayelipa ni mdudu.

Hiyo mikono ni mtego. Ina miiba kama msumeno. Nzi, nondo au panzi akisogea karibu, kwisha habari yake. Sumu hana, narudia, HANA. Ana macho matano, mawili makubwa na matatu madogo katikati, na shingo ya kugeuka akakutazama nyuma ya bega. Aina nyingi zina sikio moja tu, liko kifuani, na kwa hilo humsikia popo gizani. Halafu mtu anakuja kuniambia ni panzi! Ndugu zake ni mende na mchwa.

Na nyie wa "jike lazima amle dume", punguzeni chumvi. Hutokea, hasa jike akiwa na njaa, lakini madume wengi huondoka wazima.

Kinachoniuma zaidi ni mayai. Kile kibonge cha povu lililokauka kwenye kijiti, mnachokibandua mkidhani ni uchafu, ndicho kifuko chao. Kimoja tu huweza kutoa watoto zaidi ya mia.

Yule wa leo alikuwa jike, tumbo limejaa. Mwenye la kumtetea aliyemponda aje aseme, ila habari za mkosi asiniletee.