Tina Turner: kutoka senti 36 mwaka 1976 hadi namba moja 1984, nini kilifanyika katikati?

MsikilizajiWaUsiku

Wakuu, salaam. Mada nyingi za mwimbaji Tina Turner huishia kwenye vipigo vya Ike, mumewe na kiongozi wa bendi yao, na miguu yake jukwaani, kazi yenyewe haiguswi. Alimkimbia Ike mjini Dallas Julai 1976 akiwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta. Septemba 1984 wimbo wake "What's Love Got to Do with It" ukawa namba moja kwenye chati za Marekani, naye ana miaka 44. Hiyo miaka minane ilikwendaje, kwa mpangilio?

La pili ni la kiufundi. Ile sauti ya mkwaruzo aliimba nayo tangu 1960 hadi ziara ya mwisho mwaka 2009, tena huku anacheza. Koo lilihimilije?

KaratasiZaMkataba

Anzia kwenye jina, mkuu, maana ndilo mtaji aliotoka nao. Alizaliwa Anna Mae Bullock tarehe 26 Novemba 1939, Brownsville, Tennessee, akakulia Nutbush. "Tina" ni jina alilolibuni Ike mwaka 1960 wakati "A Fool in Love" inatoka, na akalisajili kama mali yake ya biashara. Usajili ule ulikuwa kitanzi. Mwimbaji akiondoka, mwenye jina anamsimamisha mwanamke mwingine, anamwita Tina Turner, na tiketi zinauzwa kama jana. Na wimbo ule "A Fool in Love" haukuwa wake: Art Lassiter aliyepangiwa kuuimba hakutokea studio, akaingia yeye ili muda uliolipiwa usipotee.

Talaka ilipokamilika 1978 aliachia mengi ili abaki na jina hilo. Watu husimulia hapo kama ushindi mtupu, wanasahau madeni. Alipokimbia Dallas, maonyesho ya mbele yalikuwa yameshauzwa. Onyesho likivunjika, mwandaaji anamdai aliyetangazwa, na aliyetangazwa ni yeye. Akayabeba madai hayo pamoja na deni la kodi. Ndiyo sababu miaka iliyofuata unamkuta kwenye vipindi vya televisheni na kumbi za Las Vegas: ni kazi zinazolipa upesi. Albamu zake mbili, Rough ya 1978 na Love Explosion ya 1979, hazikuuza, akabaki bila kampuni ya rekodi.

Bila lile jina, hata hizo kumbi asingezipata. Nani angemwajiri Anna Mae Bullock wa miaka 38?

BesiNzito

Naongezea upande wa muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa ameshampata meneja Mwaustralia, Roger Davies. Alimkuta na magauni ya vimetameta, wanenguaji, na bendi iliyovaa suti za harusini. Sauti ya roki imefungiwa ndani ya onyesho la hotelini. Davies akalivunja lile onyesho: magauni nje, bendi ya roki ndani. Mwaka 1981 Tina akafungua maonyesho ya bendi ya Rolling Stones huko Marekani, na watu waliokuja kuwaona wengine wakamwona yeye.

Halafu ikaja London, na hapa naomba mtulie kidogo. Mwaka 1966 prodyuza Phil Spector alimrekodia "River Deep – Mountain High", kazi ya gharama kubwa yenye ukuta mzima wa vyombo. Marekani ilifia namba 88. Uingereza ilifika namba 3. Mwaka 1973 "Nutbush City Limits", alioutunga Tina mwenyewe, ulifika 22 Marekani na 4 Uingereza. Nadhani sababu ya ule wa 1966 iko kwenye redio: Marekani ya wakati ule iligawanya stesheni kwa rangi, na wimbo huo ulionekana mweupe mno kwa hawa na mweusi mno kwa wale. Uingereza haikuwa na uzio huo kwake. Kwa hiyo masikio yaliyokuwa tayari kumpokea yalikuwa ng'ambo miaka yote hiyo.

Mwaka 1982 maprodyuza Waingereza Martyn Ware na Ian Craig Marsh walimwalika London kurekodi "Ball of Confusion" kwa sintesaiza, yaani kinanda cha umeme. Mwaka 1983 Ware akarudi naye kwenye "Let's Stay Together" ya Al Green, ikafika namba 6 Uingereza. Hapo kampuni ya rekodi ya Capitol ikataka albamu nzima, tena haraka. Mwimbaji David Bowie naye alikuwa amewapeleka watu wa kampuni kumwona akiimba New York, na hilo lilisaidia sana.

Albamu hiyo, Private Dancer, ikatengenezwa kwa wiki chache tu. Siri ya kasi ile ni kugawa kazi: nyimbo ziligawiwa maprodyuza kadhaa, kila mmoja na studio yake, yeye anazunguka kutia sauti. Njia hii ina hatari, kwani albamu inaweza kusikika kama viraka. Hapa sauti yake ndiyo iliyoshona. Wimbo uliobeba jina la albamu ni wa Mark Knopfler, na gitaa linalopasua katikati ni la Jeff Beck.

"What's Love Got to Do with It" hakuutaka, aliuona mlaini mno. Usikilize kwa vifaa vya masikioni. Beti anaziimba chini, karibu kama anaongea, na mkwaruzo anauachia kidogo kidogo tu. Sauti kama kinanda cha mdomo katikati inatoka kwenye sintesaiza. Mwimbaji mwingine angeanza kupiga kelele kwenye kiitikio cha kwanza na kuumaliza wimbo mapema.

KooSafi

Hapo kwenye kuachia kidogo kidogo ndipo lilipo jibu la swali la pili. Mkwaruzo salama hautokani na kusugua nyuzi za sauti zenyewe. Hutokana na mikunjo iliyo juu yake, ambayo hutikisika huku nyuzi chini zikiendelea kutoa nota safi. Anayeiga kwa kukaza shingo hufanya kinyume: hewa nyingi, koo limebanwa, nyuzi zinagongana kwa nguvu. Zinavimba, na baada ya nyimbo tatu nota za juu zimekwisha.

Anayetaka kujifunza aanze na dakika 10 hadi 15 za kupasha sauti: kuguna mdomo umefungwa, kisha kutetemesha midomo huku ukipanda na kushuka. Imba mstari kwa sauti safi kabisa, kwa nguvu ya wastani. Ukitoka safi mara tatu mfululizo, ongeza mkwaruzo kwenye neno moja tu, la mwisho. Ukihisi kuwashwa au kutaka kukohoa, acha. Hiyo ni dalili kwamba unasugua pasipotakiwa. Dakika tano kwa siku zinatosha mwanzoni. Wimbo ukiwa juu mno, ushushe toni moja au mbili, hakuna aibu.

Kuhusu kucheza, chukueni "Proud Mary" ya 1971, iliyofika namba 4 na kuwapa yeye na Ike tuzo ya Grammy. Inaanza polepole, Ike anaitikia kwa besi chini, kisha ngoma na tarumbeta zinaingia mbio. Ile sehemu ya polepole kwa mwimbaji ni akiba ya pumzi. Mbio zikianza, mistari ni mifupi, waitikiaji wanabeba sehemu yao, na hatua kali za miguu zinaangukia pale ambapo hana neno la kuimba. Pumzi ishuke mbavuni na tumboni. Mabega yakipanda, umeshachelewa. Kipaza sauti kiwe karibu na midomo kwenye beti, na ukipaza kivute nyuma kiasi cha shubiri moja, la sivyo unaumiza masikio na fundi mitambo anakushusha.

Jambo moja zaidi: sauti ikikauka, usinong'one. Kunong'ona hakupumzishi koo, wengi hukaza zaidi. Nyamaza, kunywa maji. Ukwaruzo usiokusudia ukizidi wiki mbili au tatu, nenda kwa daktari wa koo.

MsikilizajiWaUsiku

Asanteni sana, nimepata kuliko nilivyoomba. Moja la mwisho: alipata Grammy ngapi kwa albamu ile? Kila mahali nakuta hesabu tofauti.

BesiNzito

Yeye binafsi alichukua tatu, Februari 1985: rekodi ya mwaka na mwimbaji bora wa kike wa pop, zote kwa "What's Love", na mwimbaji bora wa kike wa roki kwa "Better Be Good to Me". Ya nne, wimbo wa mwaka, ilikwenda kwa watunzi, Terry Britten na Graham Lyle. Anayesema nne anaijumlisha hiyo.

Mkanganyiko kama huo upo kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki: aliingia 1991 pamoja na Ike, kisha 2021 peke yake. Tarehe ya pili ndiyo inayohusu haya tuliyoyajadili.