Mrejesho: Kunguru wamepungua, kindi amerudi

Wadau, mwezi wa tatu niliuliza hapa kwa nini uani kwangu Lang'ata, Nairobi, wanakuja kunguru tu, na kindi wa kwenye mparachichi ametoweka. Mlinijibu: acha kutupa mkate na mabaki ya ugali, weka maji, na chakula kitundikwe juu.

Nimefanya hivyo. Mkate ulipokoma, kunguru walizunguka kama wiki mbili hivi wakilalamika, kisha wakahamia kwingine. Mtama nauweka kidogo asubuhi, uishe kabla ya jioni, maana ukilala nje unaleta panya. Kwera, wale ndege wanaofuma viota, ndio wa kwanza kufika. Masika yalipoanza, dume mmoja akaanza kufuma kiota kwenye tawi linaloning'inia, unyasi mmoja mmoja kwa mdomo, na mimi nikachelewa kazini nikimtazama.

Papai lililoiva limeleta wale ndege wenye mikia mirefu na kishungi, wanaotambaa matawini kama panya. Maji ndiyo yamevuta wengi kuliko chakula chochote. Ni sinia pana la udongo, kina cha vidole viwili, nalisugua kila siku ya pili.

Kindi je? Alirudi Jumamosi. Nilimwekea karanga mbichi zisizo na chumvi, akachukua moja, akapanda nayo hadi kwenye panda la mparachichi. Mama yangu, ambaye hakuamini habari hizi, aliniita kwa kunong'ona nije nione.

Aliyenishauri kuhusu maji, asante sana.