Tumbaku ya mvuke: majani ya chini yamekuwa njano, nichume au ni ugonjwa?

Mkulima_Urambo
Habari za majukumu wakuu. Nina ekari mbili za tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto kwenye nyumba yake, yaani bani, huku Urambo. Miche iliingia shambani wiki ya kwanza ya Desemba, kwa sentimita 120 mstari hadi mstari na 50 mche hadi mche. Mbolea ni NPK 10:18:24, kisha CAN, ile ya naitrojeni, mara moja. Vilele nimekata siku kumi na mbili zilizopita.

Mvua imepiga karibu siku nane mfululizo. Sasa majani matatu manne ya chini yamekuwa njano shamba zima, ila hayafanani: mengine njano imeanzia nchani, mengine kati ya mishipa, na mengine yana madoa ya kahawia yenye kitovu cheupe. Upande wa bondeni kuna miche kama arobaini inayolala jua likiwa kali, jioni inainuka kidogo. Jirani ananiambia niongeze CAN. Mwingine anasema washa bani kesho. Bani langu linabeba fito 300 za kutundikia majani. Nifuate lipi?

Jani_la_Kati
Mkuu, CAN iache kwenye mfuko. Ukishakata kilele, naitrojeni ya ziada hulifanya jani libaki bichi. Litaendelea kuwa kijani na kunenepa, ukiliingiza bani litakaa siku tatu bila kugeuka, na mwisho unatoa tumbaku ya kijani ambayo mteuzi, yule mpanga madaraja sokoni, ataishusha daraja bila kukuangalia usoni.

Kuhusu njano: hapo una njano za aina tatu au nne kwa pamoja, na ndiyo maana majirani wanakupa majibu tofauti. Usihukumu kwa kuangalia ukiwa barabarani. Ingia mstarini asubuhi umande ukishakauka, shika jani moja moja.

Jani lililokomaa la chini linapauka kuanzia nchani na pembeni, kijani kinakuwa chepesi, halafu kingo na ncha zinainama chini. Mshipa mkuu unageuka mweupe, nao huo mweupe ndio wa kuamini kuliko rangi ya jani lenyewe. Vinyweleo vinapungua ukipitisha kidole. Ukilisukuma chini kwa kiganja linakatika kwenye shina kwa mlio, bila kuchuna ganda. Likichuna ganda la shina, bado. Na ukichuma kumi, mikono inakuwa na gundi nyeusi inayonata.

Njano ya njaa ya naitrojeni inapausha mche mzima, hadi majani ya kati, na jani la chini ni jembamba kama karatasi, linakauka likiwa bado kwenye shina. Magnesi ikipungua, nayo hupungua hasa kwenye kichanga kilichooshwa na mvua nyingi kama yako, jani la chini linakuwa jeupe-jeupe kuanzia nchani na pembezoni, kisha kati ya mishipa, lakini mishipa yenyewe inabaki kijani kama nyavu. Tofauti ni hiyo: kwenye kukomaa mshipa unatangulia kuwa mweupe, kwenye magnesi mshipa ndio unaobaki kijani. Potasiamu ikipungua, ncha na kingo zinapata vidoa vya njano vinavyogeuka kahawia, kingo zinajikunja kwa chini, kisha zinachanika.

Kwa hiyo yale uliyosema njano iko kati ya mishipa, mengi yatakuwa ni magnesi. Yana thamani ndogo, ila yale ambayo bado yana mwili chuma. Yaliyokwisha kukauka kwenye shina yaache huko huko. Hakuna bani linalofufua jani lililokufa, utachoma kuni bure.

Jambo jingine: usichume leo. Mvua ndefu inaosha gundi kwenye jani na wakati mwingine inalirudisha kwenye kijani kwa sababu mizizi inavuta mbolea upya. Subiri siku mbili tatu za jua gundi irudi. Kisha chuma majani mawili kwa kila mche, yasizidi matatu, rudi baada ya siku saba hivi. Majani ya juu kabisa yasubiri zaidi, mpaka uone mabaka ya njano kwenye jani lenyewe. Watu wengi huku wanayawahi kwa sababu wamechoka kulisha moto.

Hesabu ya bani: kwa nafasi yako ekari ina miche kama 6,700. Majani mawili kila mche ni 13,400. Fito moja ikibeba vishada 30 vya majani matatu matatu, ni majani 90, maana yake fito kama 149 kwa ekari. Ekari zako mbili zinajaza bani la fito 300 kwa mchumo mmoja. Ukitaka kuchuma majani manne kwa mkupuo, nusu itakosa pa kulala.

Chepe_na_Ndoo
Mimi naenda bondeni kwenye hiyo miche arobaini, maana hapo majani siyo tatizo.

Chukua chepe na ndoo ya maji. Usivute mche kwa mkono, mizizi inakatika na ushahidi unabaki ardhini. Chimba kwa kuzunguka, inua na udongo wake, osha taratibu.

Mizizi ikiwa na vinundu vilivyovimba ndani ya mzizi wenyewe, kama shanga zilizoungana, ni minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni. Mche unanyauka mchana kwa kuwa mzizi haupitishi maji ya kutosha, jioni unapumua.

Mizizi ikiwa safi upande mmoja na imeoza upande mwingine, na majani yanalala upande huo huo tu, fikiria mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina la chini, sentimita tano, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Dakika chache tu, zikishuka nyuzi nyeupe kama moshi, umepata jibu.

Shina likiwa jeusi kuanzia ardhini, lipasue kwa urefu. Ukikuta kiini kimekauka na kugawanyika sahani sahani, kama shilingi zilizopangwa, huo ni ugonjwa wa shina jeusi.

Na usipokuta chochote kati ya hivyo, mizizi ni ya kahawia na inanuka, basi miche imezama tu. Mizizi imekosa hewa, jua likitoka haiwezi kunyonya. Chimba mtaro wa kutoa maji leo leo. Bondeni ukielekea mbugani, kule maji yanakotuama, hiyo ni kawaida, hata kwenye matuta mazuri.

Chimba michache, siyo mmoja. Mmoja katikati ya kundi, mmoja pembeni, na mmoja mzima wa kulinganisha.

Mkulima_Urambo
Asanteni sana. Nimechimba mitano. Minne ina vinundu vingi, mmoja mizizi imeoza lakini maji ya glasi yamebaki safi, hakuna nyuzi. Shina halina weusi. Mtaro nimeshachimba.

Nimeona pia miche kama ishirini juu ina batobato, kijani kizito na kijani chepesi vimechanganyika kwenye majani machanga. Hiyo ning'oe? Na yale majani yenye madoa ya kitovu cheupe yanaingia bani au nayatupa? Mwakani nilikuwa nimepanga karanga hapo, sawa?

Chepe_na_Ndoo
Minyoo fundo basi. Msimu huu hakuna dawa ya kuokoa mche mkubwa, usidanganywe dukani. Vuna kilichopo, na siku ya mchumo wa mwisho ng'oa visiki na mizizi, ianike juani, kisha choma. Visiki vikibaki vinachipua na kuwalisha minyoo hadi kiangazi.

Karanga ni sawa kwa upande wa kupunguza minyoo inayosumbua tumbaku sana huku, lakini ni sawa kwa sababu glasi yako imebaki safi. Ungekuta nyuzi nyeupe ningekwambia hapana, kwa kuwa mnyauko bakteria unashambulia karanga pia, pamoja na nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo. Mahindi ni kinyume chake: hayapati mnyauko bakteria, ila minyoo fundo inaweza kuishi kwenye mizizi yake kimya kimya bila wewe kuona. Ndiyo maana wale wa tumbaku-mahindi-tumbaku wanashangaa minyoo haiishi. Ukiwa na ng'ombe, nyasi za Rhodes aina ya Katambora miaka miwili mitatu ndiyo dawa nzuri kuliko zote. Nyanya usiweke kabisa.

Batobato ni ugonjwa wa virusi: kwa umri huo usihangaike kung'oa, utazunguka shamba zima na mikono yenye utomvu wa ugonjwa, utausambaza zaidi. Weka alama kwa kijiti, na miche hiyo ichumwe mwisho wa siku. Virusi hivyo vinaishi kwenye tumbaku kavu, kwa hiyo kibarua anayevuta sigara au kunusa ugoro huku anakata machipukizi ndiye mbebaji. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuingia mstarini. Wengine wanachovya mikono kwenye maziwa yaliyotolewa mafuta, inasaidia kweli, siyo uganga.

Bani_Moto
Nijibu la madoa, maana linaharibikia kwangu, bani.

Kitovu cheupe na ukingo wa kahawia: jicho la chura. Ni kuvu. Tatizo lake ni kwamba hata jani lililoonekana na madoa matatu shambani linaweza kutoka na madoa mia, kwa sababu siku mbili za kwanza bani lina joto na unyevu, ndicho kuvu anachotaka. Madoa makubwa yenye duara ndani ya duara na njano kuzunguka ni doa kahawia, hilo linapenda jani lililochelewa kuchumwa. Vidoa vidogo vyenye duara pana la njano baada ya mvua ya upepo ni bakteria.

Usiyatupe yote. Yapange makundi mawili wakati wa kufunga: safi, na yenye madoa. Yenye madoa zaidi ya robo ya jani acha. Yenye madoa machache yafunge kwenye fito zake, vishada vyepesi vya majani mawili badala ya matatu, na fito ziachane upana wa kiganja. Ukibana, katikati hapapiti hewa, jani linaoza na kunuka kabla halijageuka.

Moto sasa. Kipimajoto kining'inie usawa wa majani ya fito za chini, siyo karibu na bomba wala ukutani.

Kugeuza rangi: nyuzi joto 35 hadi 38 za Selsiasi, matundu ya hewa yamefungwa, saa 36 hadi 48, majani mazito hadi 72. Majani ya chini yaliyolewa mvua yanageuka haraka, kwa hiyo angalia kuanzia saa 30. Kwa fito zenye madoa usisubiri njano kamili. Kijani kikibaki kidogo kwenye mishipa, anza kufungua hewa.

Kukausha jani: panda nyuzi moja kwa saa, matundu yanafunguliwa kidogo kidogo, hadi 54. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukipandisha ghafla jani likiwa na maji, linababuka au kijani kinaganda humo na hakitoki tena. Ukiwa mwoga ukakaa kwenye 45 na matundu yamefungwa, jani linakuwa kahawia laini kama sifongo, uzito unapotea. Simama 54 mpaka bamba la jani likauke lote, mshipa tu ndio umebaki mbichi.

Kukausha mshipa: funga matundu polepole, panda hadi 70, 72. Usivuke 74, sukari inaungua na jani linapata wekundu. Vunja mshipa wa fito ya pembeni juu kabisa, mahali pa baridi. Ukipinda badala ya kuvunjika, moto haujaisha. Mshipa mmoja mbichi kwenye rundo unaota ukungu na kuambukiza wenzake.

Jumla siku tano hadi saba. Zima, fungua mlango usiku jani livute unyevu hadi liweze kukunjika bila kuvunjika, ndipo ushushe.

Na kuni pima kabla ya kuwasha. Moto ukikufia kwenye 50 saa nane usiku, unyevu unarudi kwenye jani na rangi inaharibika palepale.

Kaliua_Kwetu
Yote mazuri, ila mmepitiliza la watu. Baada ya mvua hii msiingize vibarua kwenye majani yenye maji. Nikotini inayeyuka kwenye maji ya jani na kupenya ngozini: kichwa kinazunguka, kutapika, jasho baridi, mtu anadhani ni malaria. Nguo ikilowa ibadilishwe, ngozi ioshwe kwa sabuni. Mikono mirefu, glovu zikipatikana, na watoto na wajawazito wasichume wala kufunga. Atakayetapika atoke shambani, anywe maji, asipopata nafuu apelekwe kituo cha afya na aseme wazi alikuwa anachuma tumbaku.

Pia kabla ya kuchuma, angalia lebo ya dawa uliyopiga mwisho, ya wadudu au ya machipukizi. Zile siku za kusubiri zilizoandikwa zihesabu.

Jani_la_Kati
Kweli. Na kwenye kufunga, tumia uzi wa pamba au katani tu. Nyuzi za salfeti zinazochomolewa kwenye magunia zinaingia ndani ya jani, na kipande kimoja kikionekana sokoni robota zima linakataliwa.

Mkulima_Urambo
Nimeelewa. Jua limetoka leo. Kesho kutwa asubuhi naanza na upande wa juu, majani mawili, bondeni mwisho, batobato mwisho kabisa.

Bani_Moto
Leta namba za kipimajoto saa 30 baada ya kuwasha, na useme mshipa una rangi gani.