Farasi Mweupe wa Uffington amedumuje karibu miaka 3,000?

Mpenda_Kale
Wakuu salaam. Kule Oxfordshire, Uingereza, kuna farasi wa chaki (mwamba mweupe laini) mwenye urefu wa mita 110 hivi kwenye mteremko wa kilima. Mchoro ulio nje, kwenye mvua na majani, unadumuje hivyo? Na umri wake ulijulikanaje?

Fundi_Udongo
Mkuu, wengi hudhani watu wa kale walikwangua majani tu, chaki ya chini ikaonekana. Sivyo. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mitaro, mingine ikikaribia kina cha mita moja, iliyojazwa chaki ya kupondwa na kushindiliwa.

Hata hivyo, bila matunzo angemezwa na majani ndani ya miongo michache. Kila mwaka watu wa kujitolea wa National Trust, shirika la hifadhi la Uingereza, hung'oa magugu, hukata kingo za nyasi, humwaga chaki mpya kwa ndoo, kisha hupiga magoti na kuitwanga kwa nyundo mpaka isagike na kushikana. Ikibaki mabonge haishiki, mvua inaiondoa. Zamani usafi huo uliendana na sherehe kubwa ya vijiji, watu wakishindana kukimbiza jibini la mviringo bondeni. Ya mwisho ilikuwa 1857. Fikiria ni vizazi vingapi vimepokezana kazi hii bila kuiangusha!

Mwanga_na_Mchanga
Kuhusu umri: chembe za mchanga zikifukiwa gizani hukusanya nishati kutokana na mnururisho (mionzi) wa asili wa udongo. Jua huifuta yote. Maabara huziangaza, nazo hutoa mwanga. Ukiupima, na ukajua kiwango cha mnururisho wa pale, unapata muda tangu zifukiwe. Sampuli ikiona jua hata kidogo, imeharibika. Majibu ya miaka ya 1990 yalimweka farasi huyo kati ya 1380 na 550 KK, wakati zamani baadhi ya watu walimhusisha na ushindi wa Mfalme Alfred wa mwaka 871.

Ila msidhani michoro yote ya chaki ni ya kale namna hiyo. Jitu la Cerne Abbas, Dorset, lilipimwa kwa njia hiyohiyo, na majibu ya 2021 yakasema 700–1100 BK.

Mpenda_Kale
Shukrani sana wakuu. Je, umbo halijabadilika?

Fundi_Udongo
Limebadilika, ndugu. Udongo huteremka toka juu ukafunika ukingo wa juu, na nyasi zinasogea kimyakimya. Kichwa na shingo vilikuwa vimepungua upana hadi kama nusu; mwaka 2024 nyasi zilizovamia zikakatwa na chaki ikarudishwa mahali pake. Anayekata ukingo lazima afuate vipimo, si macho, maana kosa la sentimita chache likirudiwa kila mwaka linageuza mguu mzima.

Ukienda kumwona, usitegemee kilele: pale utaona mikanda myeupe tu. Shuka bondeni upande wa vijiji vya Fernham au Great Coxwell. Na usimkanyage.