Ushauri: Meneja anataka "Hotel California" kila usiku na bendi imechoka

Mpiga Solo, Malindi
Wadau salamu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaopiga muziki mahotelini.

Niko kwenye bendi ya kopi, inayopiga nyimbo za wengine, hapa Malindi. Tunapiga hoteli moja ya ufukweni, wageni wengi ni Wataliano na watu wa Nairobi waliokuja kupumzika. Kila usiku lazima "Hotel California" ipigwe. Usiku mwingine tunairudia, kwa sababu kuna meza iliyochelewa kuja. Tukiiruka, meneja anamtuma weita na kikaratasi.

Wimbo wenyewe sina neno nao. Kaseti ya mjomba wangu ya Eagles, bendi ya Marekani yenye wimbo huo, ndiyo iliyonifanya nishike gita. Lakini siku hizi vidole vinakwenda vyenyewe, kichwa kinawaza bei ya unga. Mpiga besi ameshatangaza kwamba akiupiga msimu mwingine mzima, anarudi zake kwenye taarab. Mwimbaji naye koo linamkwama kule juu. Tuutoe? Na meneja tumwambieje bila kufukuzwa, Desemba ndiyo hiyo inabisha hodi?

Mama Shela
Mwanangu, nyinyi mwaupiga kila siku, mimi nausikia nikija Malindi kwa dada yangu, basi. Nikikaa hapo na maji yangu ya ndimu nautaka wote, na lile gita la mwisho msilikate. Mgeni wa leo hana habari na uchovu wenu wa jana.

Besi Nzito, Mombasa
Kwa heshima, Mama Shela, mpiga besi mwenzangu ana haki. Tangu wimbo ule ushike namba moja Marekani mwaka 1977 haujapumzika. Watu wanasema wanaipenda Eagles, ukiwapigia "Take It Easy" ya 1972 wanakutazama tu! Hao ni wapenzi wa wimbo mmoja, bendi hawaijui.

Na si sisi tu. Robert Plant, mwimbaji wa bendi ya Led Zeppelin, alichoka na wimbo wao "Stairway to Heaven" hadi akakichangia pesa kituo cha redio cha Oregon kilichoahidi kutoupiga tena. Bendi ya Radiohead nao waliuweka kando wimbo wao "Creep" kwa miaka.

Mtu wa Watamu
Plant ana pesa za kuchangia redio. Mwenzetu ana kodi ya nyumba.

Ila kinachonichekesha ni huyo meneja. Hivi amewahi kusikiliza maneno? Wimbo wa mgeni aliyeingia hotelini akashindwa kutoka, na yeye anauweka uwe tangazo la vyumba vyake 😂

Kapo Saba, Kilifi
Tuzungumze kazi sasa. Don Felder, mpiga gita wa Eagles, alipotunga muziki ule mwanzo ulikuwa kwenye ufunguo wa E minor. Don Henley, mwimbaji wao, akajaribu kuimba, ukawa juu mno, wakaushusha hadi B minor. Ndiyo maana tunabana kapo (kile kibanio cha nyuzi) kwenye fret, yaani kigawanyo cha shingo ya gita, ya saba, tunashika kodi (chords) za E minor, na sauti inatoka B minor. Basi mwimbaji wenu akiumia, kapo irudi fret ya tano, mtashuka hadi A minor. Eagles wenyewe walishusha, nyinyi mnaona haya ya nini?

Pili, tafuteni ile ya Eagles wenyewe ya 1994, ya magita makavu yasiyo ya umeme. Inaanza na gita la Kihispania na ngoma za mikono, watu hawajui ni wimbo gani mpaka ile kodi inayojulikana iingie, ndipo ukumbi unalipuka. Hapo pwani ngoma za mikono hazijawahi kukosa mpigaji. Mpe mpiga besi mwanzo ule autengeneze atakavyo, mtie chakacha humo akitaka. Tuone kama atakumbuka taarab.

Tatu, usimwambie meneja mnautoa. Mwambie utapigwa mara moja, uwe wa kufunga usiku. Anayeutaka atakaa mpaka mwisho, na akikaa ataagiza. Hiyo lugha meneja anaielewa.

Besi Nzito, Mombasa
La chakacha nimelipenda, sikatai. Lakini "Jambo Bwana" mtaitoa lini?

Mtu wa Watamu
Hiyo usiiguse. Them Mushrooms ni vijana wa kwetu, waliitunga wakiwapigia watalii hapa hapa pwani. Hata kundi la Boney M waliiimba kwa namna yao.

Mama Shela
Wa kufunga usiku? Na sisi tunaolala mapema?

Mpiga Solo, Malindi
Mama, ukija nitumie salamu kwa weita, nitakupigia saa mbili. Usimwambie mpiga besi.

Kapo Saba, A minor tumeijaribu leo mchana. Mwimbaji ameimba mpaka mwisho bila kukohoa. Lakini solo ile ya Felder na mwenzake Joe Walsh ikishushwa inapoteza ule mlio wake mkali, mimi siridhiki. Kuna aliyewahi kujaribu B flat minor, kapo fret ya sita?