Kapeti, paka na dipoziti: naombeni msaada kabla ya Ijumaa

Mpangaji wa Leicester, Jumapili saa 4:10 usiku

Wanajumuiya, salaam kwa imani zenu zote. Shikamooni wakubwa.

Ninahama fleti, funguo narudisha Ijumaa. Alhamisi iliyopita wakala alikuja kufanya ukaguzi wa awali, kabla ya ule rasmi wa kutoka. Dada yule hakumaliza hata dakika tano. Alisimama mlangoni pa chumba cha pili, akavuta pumzi, akaandika. Juzi nikaletewa barua pepe: "harufu kali ya mnyama, chumba cha 2", na wanapendekeza zikatwe £780 za kapeti jipya. Dipoziti yote ni £1,096, ipo TDS, ile taasisi inayolinda dipoziti na kuamua ugomvi wake.

Paka ninaye, sikatai, na yumo kwenye mkataba kwa ruhusa ya maandishi. Jike, amefungwa kizazi. Majira ya baridi yaliyopita aliugua kibofu, akawa anakojoa kando ya kitanda badala ya kwenye mchanga wake. Daktari akamtibu, mimi nikafuta, nikapulizia manukato, nikajua yamekwisha. Mimi na mke wangu hatusikii harufu yoyote, wallahi.

Maswali mawili. Moja, naitoaje ndani ya siku 4? La pili ndilo linaloninyima usingizi: nikifanikiwa kuitoa kabla ya Ijumaa, ile barua yao bado itakuwa na nguvu kule TDS, au kinachohesabiwa ni ukaguzi wa siku ya funguo tu?

Mama Mapacha, Jumapili saa 4:52 usiku

Pole mdogo wangu. Kwanza usiapie pua yako. Pua inazoea. Sisi tulipokuwa na mbwa nilikuwa najiona nyumba yangu inanukia kama ya bi harusi, kumbe wageni wakikaa dakika kumi wanakumbuka wana safari. Aliyeniambia ukweli ni wifi yangu, tena mbele ya watu.

Fanya hivi. Siki nusu, maji nusu, mwagia. Ikikauka nyunyiza bekingi soda, ile ya kuumulia keki, siyo magadi. Ilale usiku kucha, asubuhi piga vakyumu. Pazia zote fua, foronya fua, mito ya sofa fua. Watu wanahangaika na sakafu wanasahau pazia. Halafu chukua jiki kidogo kwenye maji ya moto, piga ule ubao wa chini ya ukuta. Mimi ilinisaidia sana.

Mwenye nyumba wangu alinikata £60 hata hivyo, lakini hiyo ilikuwa ya jiko.

Msafishaji wa Reading, Jumatatu saa 12:05 asubuhi

Dada Mama Mapacha, kwa heshima zote: JIKI HAPANA. Mkojo uliokaa una amonia. Ukikutanisha amonia na jiki unapata gesi inayochoma kifua, na paka yumo humohumo chumbani. Nimefanya kazi hii miaka 11, nimewahi kumtoa mwenzangu nje akikohoa.

Kaka wa Leicester, ukielewa unachopambana nacho kazi inakuwa nyepesi. Mkojo wa paka una vitu vingi. Kuna urea, ambayo bakteria wanaivunja kuwa amonia, ile inayochoma macho. Kuna vitu vyenye salfa, ndivyo vinavyofanya ujue hii ni harufu ya paka na si ya mnyama mwingine. Halafu kuna asidi ya yuriki. Hii ndiyo adui. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, inakauka kama vijifuwele, vinang'ang'ania kwenye nyuzi za kapeti na kwenye ile sponji ya chini. Siku kavu vimelala. Ikija siku ya unyevu, vinaamka. Ndiyo maana unasafisha Jumamosi panapendeza, Jumanne mvua inanyesha unarudi palepale. Na wakala alikuja Alhamisi ya mvua, au nimekosea?

Unachohitaji ni dawa yenye vimeng'enya (enzymes, vinavyouvunjavunja mkojo), ile inayouzwa kwenye maduka ya wanyama. Soma kibandiko kama imeandikwa mkojo wa paka. Kosa la watu wengi ni kuipulizia juu juu kama marashi. Mkojo ulizama mpaka kwenye sponji, na dawa izame mpaka hapohapo. Lowesha hasa, tena upana uzidi lile doa, kwa sababu chini mkojo unatanuka kuliko unavyoonekana juu. Funika kwa nailoni isikauke haraka, maana ikikauka kazi imekoma. Iache muda ulioandikwa. Kisha funua, kausha kwa taulo, fungua madirisha, weka feni. Kukauka tu kunaweza kuchukua siku nzima au mbili, kwa hiyo ukianza Jumatano umechelewa.

Kama ulishapaka sabuni au siki, suuza kwanza kwa maji baridi, vinaweza kuidhoofisha dawa. Na usikodi mashine ya mvuke! Joto linaigandisha harufu ndani ya nyuzi. Kila wiki nakutana na mtu aliyejipikia mkojo kwenye kapeti lake mwenyewe.

Kujua pa kulowesha: tochi ya UV, ile ambayo mwanga wake hufanya mkojo ung'ae gizani, usiku, taa zote zimezimwa. Utashangaa.

Mzee Katibu, Jumatatu saa 2:30 asubuhi

Ndugu zangu, naona mnajadili siki wakati kijana kauliza sheria.

1. Dipoziti ni mali ya mpangaji mpaka mwenye nyumba athibitishe vinginevyo. Mzigo wa ushahidi uko kwake, hauko kwako.

2. Tenant Fees Act ya 2019: dipoziti isizidi kodi ya wiki 5 kwa kodi iliyo chini ya £50,000 kwa mwaka. £1,096 ni wiki 5 za £950 kwa mwezi, kwa hiyo hapo hawajakosea. Hawaruhusiwi kukulazimisha ulipie kampuni ya usafi, ila wanaruhusiwa kudai nyumba irudi katika hali iliyokuwa nayo ulipoingia.

3. Kapeti lina umri gani? Hakuna kulipishwa jipya kwa bovu. Kama lilikuwa na miaka 6 na kapeti la aina ile hukaa miaka 8, hawawezi kudai bei yote ya jipya.

4. Inventori ya kuingilia, yaani orodha ya hali ya nyumba ulipoingia, inasema nini kuhusu harufu?

5. Je, waliisajili dipoziti ndani ya siku 30 na kukupa zile taarifa zinazotakiwa kisheria? Kama hawakufanya hivyo, mahakama inaweza kuwaamuru wakulipe kati ya mara 1 na mara 3 ya dipoziti. Angalia hilo kabla hujapiga magoti kwenye kapeti.

Mwaka 2016 mimi walitaka kunikata £240 za oveni. Nilipeleka picha 31. Nilirudishiwa yote.

Jirani wa Glasgow, Jumatatu saa 3:15 asubuhi

Mzee Katibu, shikamoo. Naomba tuwe tunataja kuwa hizi ni sheria za England. Huku Scotland taasisi za dipoziti ni SafeDeposits Scotland, LPS Scotland au mydeposits Scotland, na usajili ni siku 30 za KAZI. Mwaka jana dada mmoja alifuata ushauri wa humu akaandika barua kwa taasisi isiyomhusu.

Mzee Katibu, Jumatatu saa 3:22 asubuhi

Marahaba. Leicester haijahamia Scotland.

Mtoto wa Mombasa, Jumatatu saa 7:40 mchana

Mimi nawasoma nacheka peke yangu kwenye basi. Nyumbani paka ni wa mtaa mzima. Analala juu ya bati, anakula kwa jirani, anazaa chini ya mtumbwi, na hakuna aliyemfanyia ukaguzi wa kutoka. Kapeti letu ni mkeka. Ukinuka waukung'uta, wauanika, jua linamaliza kesi bila TDS. Hapa jua lenyewe lataka dipoziti.

Pole ndugu. Sina jibu.

Mama Mapacha, Jumatatu saa 11:05 jioni

Msafishaji, ahsante kwa kunipigia kelele mbele ya watu 400, sasa najua wifi yangu ana mwenzake. Kuhusu jiki nimesikia. Lakini bekingi soda nasimama nayo.

Msafishaji wa Reading, Jumatatu saa 12:30 jioni

Dada samahani, herufi kubwa zilikuwa za hofu, si za dharau. Bekingi soda haina ubaya, inanyonya harufu iliyo juu. Ile iliyozama haiifikii, ni hayo tu.

Mpangaji wa Leicester, Jumatatu saa 5:48 usiku

Nawashukuru wote. Kweli Alhamisi ilikuwa ya mvua.

Nimenunua dawa na tochi. Tumezima taa, mke wangu ameshika paka, mimi natambaa. Kando ya kitanda pamewaka vizuri tu, madoa matatu, hapo nakiri. Lakini tulipovuta kabati la mwenye nyumba, ambalo sisi hatujawahi kulisogeza tangu tuingie 2022, nyuma yake ukuta una michirizi inayoshuka toka usawa wa goti mpaka kwenye kapeti, na kapeti chini yake lote linang'aa. Nimenusa. Hapo ndipo hasa harufu inapotoka. Paka wangu hapiti nyuma ya kabati lile, halina hata upenyo wa mkono. Na jirani wa chini ananiambia mpangaji aliyetutangulia alikuwa na mbwa dume.

Inventori ya kuingilia haitaji harufu wala ukuta huo. Picha ya chumba ipo, kabati liko palepale.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Nikiimwagia dawa nimefuta ushahidi. Nisipoimwagia, Ijumaa chumba kitanuka na nitaonekana sikufanya kitu.

Msafishaji wa Reading, Jumanne saa 11:50 alfajiri

Piga picha na video kwanza, taa zikiwa zimewaka na zikiwa zimezimwa, kabati lilivyo kabla ya kulivuta na baada. Lakini usijipe matumaini makubwa na tochi: haisemi mkojo ni wa nani. Inang'arisha hata mabaki ya sabuni na gundi. Na paka jike aliyefungwa naye hunyunyiza ukutani, ni nadra ila nimeona. Umri wa doa pia haisomeki.

Yale madoa matatu ya kitanda anza nayo leo. Hayana ubishi.

Na huyo paka mrudishe kwa daktari kabla ya kuhama. Kibofu hujirudia, na kuhama kwenyewe humtia wasiwasi. Huko mwendako mwekee beseni mbili za mchanga, moja anayotumia na moja ya ziada, la sivyo utatuandikia tena.

Mzee Katibu, Jumanne saa 2:05 asubuhi

Usifute. Mwandikie wakala leo, kwa maandishi, aje aone.

Jirani wa Glasgow, Jumanne saa 2:40 asubuhi

Aje aone ili aongeze £200 za ukuta? Mzee, na kama atasema paka ndiye aliyechora huo ukuta?

Mzee Katibu, Jumanne saa 2:44 asubuhi

Nyuma ya kabati lisilo na upenyo?

Bwana Coventry, Jumanne saa 6:20 mchana

Yote haya ni kwa sababu tunapanga. Miaka 18 napanga nchi hii, nimeshalipia nyumba mbili za watu. Siku hizi wanasema kwa Renters' Rights Act ya 2025 mwenye nyumba hawezi kukukatalia mnyama bila sababu ya msingi, lakini kapeti je? Heri kujenga nyumbani. Sema nyinyi Wakenya mna raha, uraia pacha mlishaupata kwenye katiba ya 2010. Sisi Watanzania ukichukua pasi nyekundu ya Uingereza, samahani siku hizi ni ya buluu, unageuka mgeni kwenye shamba la babako.

Mtoto wa Mombasa, Jumanne saa 6:31 mchana

Raha gani kaka, uraia ni wa bure lakini kiwanja cha urithi bado twagombania na binamu.

Mama Mapacha, Jumanne saa 7:02 mchana

Hilo la uraia pacha lianzishiwe uzi wake tafadhali. Lakini kwa kuwa limetajwa, mimi nasema mabunge yetu hayatuoni mpaka msimu wa kutuma hela.

Msimamizi, Jumanne saa 8:15 mchana

Wapendwa, turudi kwenye mada. Siasa zina ukurasa wake. Kapeti liendelee.

Nikiwa hapahapa: kuna aliyebadilisha pasi karibuni na akaiunganisha na eVisa yake, ile viza ya mtandaoni? Namba ya BRP (kadi ya ukaazi) ya zamani ninayo lakini kadi nilishaitupa ilipokwisha mwisho wa 2024.

Bwana Coventry, Jumanne saa 8:19 mchana

Mimi nimebadilisha. Nipigie, ni ndefu kuandika.

Jirani wa Glasgow, Jumanne saa 8:25 mchana

Andika hapahapa kaka, wengi tunalihitaji.

Mpangaji wa Leicester, Jumanne saa 3:30 usiku

Madoa ya kitanda nimeyalowesha, nailoni iko juu, chumba kinanuka dawa na mkojo kwa pamoja. Ukuta sijaugusa. Nimemwandikia wakala, amejibu kwa mstari mmoja kwamba "ameupokea ujumbe wangu".

Mzee Katibu, kama hutajali, lile swali langu la pili la Jumapili?

Bwana Coventry, Jumanne saa 3:41 usiku

Haya, kuhusu eVisa. Kwanza unaingia kwenye akaunti yako ya UKVI, ile idara ya viza…